Mwalimu Umempata, Darasa Jijengee

Tulitegemea volti 4.5, mita ikasoma 0.75. Ilikuwa Jumamosi jioni, kibarazani kwa fundi redio mmoja wa Mbagala, watu wanne tumeizunguka meza yenye betri ya volti 9, rezista mbili za omu 10,000 kila moja, na nyaya za rangi tulizozichomoa kwenye kompyuta mbovu. Video ya mhadhiri tulikuwa tumeitazama kila mtu kwake, na ilieleza vizuri kabisa: rezista mbili zilizo sawa zikipangwa mfululizo huigawa volteji ya betri nusu kwa nusu. Zoezi lenyewe tulilipata kwa alama zote. Lakini tulipounga rezista ya tatu, ya omu 1,000, kwenye ile nusu ya chini ili ivute umeme kidogo, volteji ikaporomoka.

Mwanafunzi wa diploma aliyekuwa nasi akasema mita imekufa. Mimi niliilaumu betri. Fundi, ambaye hesabu aliziacha kidato cha pili, alicheka tu akasema, "Mzigo umevuta." Ametengeneza redio miaka ishirini na anajua tangu zamani kwamba ukiweka mzigo mzito kwenye njia nyembamba, volteji inashuka. Fomula hakuwa nayo. Sisi tulikuwa nayo, ila haikutujia kwamba inahusika hapo. Dakika kumi baadaye tulikuwa tumekokotoa: omu 10,000 na omu 1,000 zikikaa sambamba zinakuwa kama omu 909, na hizo 909 mbele ya zile 10,000 za juu zinabakiziwa volti 0.75 kamili. Mita ilikuwa nzima. Fundi akaomba tumwandikie hiyo hesabu kwenye kipande cha boksi, akakibandika ukutani juu ya meza yake.

Nimeanza na kibaraza hicho kwa sababu barua nyingi ninazopata kutoka kwa vijana zinauliza jambo moja: nisome kozi gani ya uhandisi mtandaoni? Nadhani swali hilo ni la pili. Kozi nzuri zipo tele na nyingi ni za bure. Mihadhara ya saketi, ya mitambo, ya programu na ya miundo inapatikana kwa yeyote mwenye simu na bando. Chuo cha MIT cha Marekani peke yake kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka wazi mafunzo yake, na tangu hapo kimeyaweka. Swali la kwanza ni hili: utasoma na nani?

Mimi nilisoma PCM, kisha maisha yakanipeleka kwenye hesabu za ghala. Niliporudi kwenye umeme ukubwani, kozi ya kwanza niliisoma peke yangu usiku, mlango umefungwa, na nikaiacha wiki ya tano. Ya pili nikaiacha wiki ya sita, nikajiona nimepiga hatua. Ya tatu niliimaliza. Akili ilikuwa ileile, bando lilelile, na watoto walikuwa wameongeza kelele. Kilichobadilika ni ile meza ya Mbagala.

Tazama ilivyokuwa kwenye kozi iliyowafungulia wengi njia hii. Machi 2012 MIT ilianza kufundisha saketi na elektroniki kwa mtandao, chini ya profesa Anant Agarwal na wenzake, kozi iliyopewa namba 6.002x. Walijiandikisha watu 154,763. Waliopata angalau alama moja kwenye zoezi la kwanza walikuwa 26,349. Waliopata cheti ni 7,157. Namba hizi hutajwa mara nyingi kwa kejeli, kana kwamba zinaonyesha kozi za mtandao ni mchezo, ingawa ukizisoma kwa makini utaona kundi kubwa liliondoka kabla kazi yenyewe haijaanza. Walioigusa kazi walifika mwisho zaidi ya mmoja kati ya wanne, na kozi hiyo haikuwa rahisi.

Kilichonivutia mimi kiko ndani zaidi. Watafiti waliochambua kumbukumbu za kozi hiyo waliona kuwa jukwaa lake la majadiliano lilitumiwa na takribani asilimia 3 tu ya wanafunzi wote, ila kati ya waliopata vyeti, asilimia 52 walikuwa wakishiriki humo. Wakawauliza pia wanafunzi kama kuna mtu waliyesoma naye ana kwa ana, nje ya mtandao. Watatu kati ya kila wanne waliojibu walisema hakuna. Waliokuwa na mwenzao wa kozi, au mtu anayeijua fani, walikadiriwa kupata karibu alama tatu zaidi ya waliosoma wenyewe, hata baada ya mambo mengine kuwekwa kwenye mizani. Alama tatu si mlima, na pengine wenye wenza ni watu wa kujituma tangu mwanzo. Takwimu za aina hii hazimalizi ubishi. Hata hivyo, katika yote yaliyopimwa, hilo ni jambo ambalo mwanafunzi anaweza kulibadilisha wiki hii bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kuna kisa cha zamani zaidi ambacho kwangu kina uzito kuliko takwimu hizo. Miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alisumbuliwa na swali: kwa nini wanafunzi Weusi waliokuja na sifa nzuri walikuwa wakianguka somo la kalkulasi, huku Wamarekani wenye asili ya China wakifaulu? Wakubwa walikuwa na majibu tayari: hawana ari, hawana msingi, familia haziwasukumi, ni maskini. Treisman akachagua wanafunzi ishirini wa kila upande akawafuatilia, mpaka bwenini. Yale majibu ya wakubwa yakaanguka moja baada ya jingine. Wanafunzi Weusi walikuwa wanasoma sana. Profesa akisema saa nane kwa wiki, wao walikaa saa nane, kila mmoja chumbani kwake, na marafiki walikuwa watu wa baada ya masomo. Wenzao wa asili ya China nao walisoma peke yao saa kama hizo, kisha wakakutana saa nyingine nne mpaka sita: wanakaguana kazi, wanaulizana, wanacheka, wanatafuta swali ambalo limemshinda kila mtu. Likiwashinda wote walijua kwamba ni swali gumu kweli. Yule aliye peke yake, swali likimshinda, anaamua kwamba yeye ndiye mjinga.

Hapo ndipo wengi wetu tulipoachia kozi. Somo lenyewe halikutushinda. Tulibaki saa sita usiku na zoezi lisilotoka, bila mtu wa kutuambia kwamba hata yeye limemkatalia.

Utaniambia, sisi hatuhitaji Berkeley kutufundisha diskasheni. Ni kweli, kila aliyepita sekondari za bweni anajua diskasheni. Ila tukumbuke vizuri jinsi zilivyokuwa. Kipanga mmoja amesimama ubaoni na chaki, anatiririka; wengine kumi na wawili wananakili kama wanachukua imla. Ukiuliza "hapo umefikaje?" unatazamwa. Kikao kikiisha kila mtu ana desa zuri, na aliyejifunza ni kipanga, kwa sababu ndiye aliyeeleza. Ukitaka kundi lako likufae, kazi ya kueleza lazima izunguke, na wanaohitaji zaidi kusimama ubaoni ni wale wasio na uhakika.

Basi twende kwenye namna ya kulijenga. Usitafute watu wengi. Watatu wanatosha, watano ni mwisho. Wakiwa wanane kutakuwa na watazamaji. Usitafute wanaofanana nawe pia. Kundi letu lilisimama kwa sababu mmoja alikuwa na mikono, mmoja alikuwa na hesabu bado mbichi za chuo, mmoja alikuwa na subira ya kusoma maelekezo mpaka mwisho, na wa nne (huyu ni mimi) hakuona haya kuuliza maswali ya kitoto. Usidharau sifa hiyo ya mwisho. Kwenye uhandisi watu huficha ujinga kwa miaka. Mmoja akithubutu kusema "mkondo na volteji bado zinanichanganya", utaona mabega ya wengine yanashuka.

Watu hao wako wapi? Kwanza kwenye kozi yenyewe. Ingia kwenye jukwaa la wanafunzi wiki ya kwanza, kabla watu hawajakimbia, uandike kwa Kiswahili: nipo Mwanza, nani yuko Kanda ya Ziwa tusome pamoja? Wapo, ila wamejificha kwenye Kiingereza. Pili, karakana za mtaani kwako. Fundi wa redio, fundi wa simu, anayesuka upya mota za pampu, kijana wa VETA aliyemaliza mwaka jana. Usiende kwake kama msomi anayekuja kutoa elimu. Nenda na kitu kibovu umlipe akitengeneze mbele yako, na uulize. Tatu, kazini. Nimeshangaa kukuta mlinzi wa zamu ya usiku ofisini kwetu anasoma kozi ya programu kwenye simu, mwaka mzima, na hakuna aliyejua.

Pangeni kuanza siku moja na kwenda mwendo mmoja. Kozi nyingi siku hizi huruhusu kila mtu aende kwa kasi anayotaka, na watu huuona huo kuwa uhuru mtamu. Kwa kundi ni sumu: mmoja yuko wiki ya pili, mwingine ya saba, hamna cha kuzungumza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kufundisha watu walio mbali, hakikuishia kutuma vitabu. Kilifungua vituo mikoani. Nanyi fungueni kituo chenu, hata kiwe benchi la mgahawa, na kiwe na siku na saa.

Kanuni moja tu tuliishika kwa ukali: hakuna kuja mkono mtupu. Kila mtu awe ametazama video na ameyahangaikia mazoezi peke yake kabla ya Jumamosi. Kukosa haikuwa kosa, mradi karatasi ionyeshe ulikwama wapi. Asiyejaribu alinunua kahawa na kashata za watu wote na kukaa kimya nusu saa ya kwanza. Mwanafunzi wetu wa diploma alinunua kahawa mara tatu mfululizo, ya nne akaja na daftari limejaa. Sababu ya kanuni hiyo inaonekana ukiikaidi. Kundi lisilojiandaa hutazama video pamoja, huitikia kwa kichwa pamoja, huenda nyumbani pamoja, na Jumatatu hakuna anayeweza kitu.

Kwenye kikao chenyewe tulitumia njia iliyopata sifa kupitia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliyeianza mwaka 1991 alipogundua kuwa wanafunzi wake wanapiga hesabu vizuri na hawajui zinamaanisha nini. Swali linasomwa. Kila mtu anaandika jibu lake kimya, bila kuchungulia. Kisha mnafunua kwa pamoja. Mkitofautiana, kila mmoja ajaribu kumshawishi jirani, ndipo mwandike upya. Inaonekana jambo dogo, lakini kule kuandika kwanza kunamzuia kipanga asiwaburute, na kunakunyima nafasi ya kusema "nilijua". Jibu lako la uongo liko hapo mezani kwa mwandiko wako. Mara nyingi tulikuta wanne tumeandika majibu matatu tofauti, na saa nzima ikaenda kwenye swali moja. Saa hizo ndizo ninazozikumbuka.

Na kabla ya kuwasha kitu chochote, tabirini. Mita itasoma ngapi? Andikeni. Fizikia ya kitabuni haiwezi kukushtua kama namba uliyoiandika mwenyewe ikikataliwa na mita. Kama tusingeandika 4.5 siku ile, ile 0.75 ingepita kama namba nyingine yoyote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ni nusu ya elimu yote ya mtandaoni, nalo ni kuuliza. Ukiwa darasani, mwalimu anaona uso wako, anaona daftari lako, anakuuliza "umekwama?" Mtandaoni hakuna anayekuona. Swali lako lisipojieleza, linakufa. Fungua kundi lolote la mafundi utakutana na hili: "Wakuu, saketi yangu haifanyi kazi, msaada jamani." Wakuu wapo, wana nia njema, lakini watajibu nini? Saketi gani, ilitakiwa ifanye nini, inafanya nini badala yake? Baada ya siku mbili mwulizaji analalamika kwamba Watanzania wana roho mbaya.

Linganisha na hili: "Wakuu habari. Niko zoezi la nne, sehemu ya pili. Betri ni volti 9, rezista mbili za omu 10,000 mfululizo. Nategemea volti 4.5 katikati, na nikipima bila mzigo napata hivyo. Nikiunga rezista ya omu 1,000 kutoka katikati kwenda hasi, inashuka hadi 0.75. Nimebadilisha betri, nimepima rezista zote moja moja, ziko sawa. Je, nimeunga vibaya au ndivyo inavyotakiwa kuwa? Picha na mchoro ni hizi." Swali hilo linajibiwa ndani ya saa moja, na anayejibu anafurahi. Mwulizaji amesema anatafuta nini, alitegemea nini, alipata nini, na amekwishajaribu nini. Nikiri pia kwamba nusu ya maswali yangu hujijibu kabla sijayatuma. Nikilazimika kuandika "nimepima rezista zote" nagundua sikuzipima.

Picha ipigwe mchana, ionyeshe saketi nzima, na iambatane na mchoro wa mkono. Picha ya waya zilizosukana kama kiota cha ndege haimsaidii mtu. Kama kozi ina wasaidizi waliopo Boston, kumbuka kwamba saa mbili usiku ya Dar, kozi ikianguka miezi yao ya joto, kwao ni saa saba mchana. Uliza jioni, usiulize asubuhi ukakata tamaa adhuhuri. Ukipata jibu, rudi useme lilifanya kazi au la. Wengi hula wakaondoka bila hata kunawa, na anayekuja baada yao na shida ileile anakuta mazungumzo yamekatika njiani.

Kujibu nako kuna adabu yake. Mwenzio akiuliza, usimpe namba. Mwulize: umepima wapi? Umechora? Ukiondoa kile kipande inakuwaje? Fundi wetu alikuwa bingwa wa hilo bila kusoma ualimu. Alikuwa anakushikisha mita na kunyamaza.

Makundi ya WhatsApp sitayatetea sana. Tulilihitaji moja, na kila baada ya wiki mbili lilikuwa linageuka soko: picha za asubuhi njema, dua, matangazo ya viwanja Kigamboni. Tukaweka utaratibu kwamba la masomo ni la masomo, na la porojo likafunguliwa pembeni, ambalo kwa kweli lilikuwa na watu wachangamfu zaidi. Hatari kubwa kuliko porojo ni desa. Kozi karibu zote zinaruhusu kujadiliana mawazo na zinakataza kugawana majibu ya kazi zinazotolewa alama. Weka mpaka huo wazi tangu siku ya kwanza: zoezi la kujipima tujadili tutakavyo, mtihani kila mtu na wake, na mwenye kurusha picha ya majibu anatolewa. Tulimtoa mmoja. Ilituuma kwa sababu ndiye aliyekuwa na bando la uhakika. Lakini saketi haimwonei haya aliyekariri. Ukidesa usanifu wa kibadilishaji umeme utakuja kuutambua kwa harufu ya kapasita inayoungua.

Kuhusu vifaa na bando nitasema machache. Mmoja apakue video usiku kwa bando la bei nafuu, wengine wachukue kwa flashi. Programu za kuigiza saketi kama LTspice ni za bure, na ile ya Falstad inafanya kazi kwenye kivinjari cha kawaida, hivyo unaweza kuchezea saketi nzima kabla hujanunua rezista moja. Lakini nunueni, hata kwa kuchanga: mita moja, ubao mmoja wa vishimo, rezista za mchanganyiko. Programu haina waya uliolegea, na uhandisi mwingi ni waya uliolegea. Tumieni betri. Umeme wa ukutani ni volti 230 na hausamehe mwanafunzi; kazi ya kuunga umeme majumbani ina leseni zake zinazotolewa na EWURA, na kozi ya wiki kumi na mbili haikupi mamlaka ya kupanda juu ya dari ya mtu.

Elezeni mambo kwa Kiswahili. Hapa nina msimamo, na baadhi ya wasomaji wangu wahandisi watanipinga. Kozi iko kwa Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, kwa hiyo watu hujadili kwa Kiingereza cha kuokoteza, na Kiingereza hicho kinaficha mengi. Mtu atakuambia fomula kwa lafudhi nzuri kabisa. Mwambie aeleze kwa Kiswahili utajua kama ameelewa. Kwenye ile 6.002x ya mwaka 2012, kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, Battushig Myanganbayan, alipata alama zote bila kukosa hata moja. Wengi husimulia habari yake kama ya mtoto mwenye kipaji aliyejifungia na kompyuta. Kumbe shuleni kwao walikuwa kundi, waliletewa vifaa na mhandisi wa kuwasimamia maabara, na yeye mwenyewe alitengeneza video za kuwaelekeza wenzake kwa Kimongolia. Sisi tulikuwa na daftari la maneno, upande mmoja ya mhadhiri, upande mwingine ya Mbagala: mkondo, ukinzani, shoti, mzigo kuvuta, kapasita kuvimba. Maneno ya fundi yana picha ndani yake, na yalitufikisha mahali ambapo tafsiri za vitabuni hazikutufikisha.

Kundi litayumba. Wiki ya nne au ya tano mtu atafiwa, atahamishwa, mke atajifungua. Msisimamishe kikao, wawili wanatosha kufungua meza. Anayerudi asihojiwe, apewe picha za daftari na aanze mlipo. Sisi tulianza watano na kumaliza watatu, na mmoja kati ya waliotoka aliimaliza kozi ileile mwaka uliofuata na kundi jingine alilolianzisha mwenyewe.

Kozi ikiisha ndipo utajua kama mlikuwa kundi au mlikuwa abiria wa basi moja. Ile 6.002x ilipofungwa, Amol Bhave, kijana wa miaka 17 wa Jabalpur, India, alisikitika kwamba hakuna kozi iliyofuata. Alishirikiana na wenzake aliokutana nao kwenye jukwaa la kozi, wakachukua mihadhara ya MIT ya ishara na mifumo iliyokuwa wazi kwa umma, wakapanga mazoezi na majadiliano yao, wakaifundisha wenyewe kwa wenyewe na kuipa namba 6.003z. Baadaye Bhave alipokewa MIT kama mwanafunzi. Ninachokipenda zaidi ni ile herufi z ya mwishoni badala ya x: walijua wao si chuo, na hawakungoja chuo.

Jambo la vyeti nalisema kwa sababu nitaulizwa. Cheti cha mtandaoni hakikufanyi mhandisi mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi inataka shahada inayotambulika na mazoezi ya kazi chini ya usimamizi. Kinachoweza kukusaidia kwa mwajiri ni kile ulichokitengeneza na uwezo wa kukieleza mtu akikuuliza maswali ya ghafla, na kundi lililokuhoji kila Jumamosi limekuandaa kwa hilo. Kwetu matokeo yanayoonekana ni taa ya dharura ya betri, iliyosanifiwa kibarazani, inayowaka mpaka leo dukani kwa jirani wa fundi kila umeme wa TANESCO unapokatika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kuna kozi umeifungua kwenye simu na unakusudia kuianza, usiianze leo usiku. Leo mwandikie mtu mmoja, umtajie kozi, siku na mahali, umwambie kahawa ni juu yako. Akikubali, tafuteni wa tatu. Sisi tunaanza kozi ya ishara na mifumo mwezi ujao, Jumamosi saa kumi jioni, palepale kibarazani.